Ohm, Joule na ekstensheni yangu iliyoungua

Nimenyamaza wiki kadhaa na najua baadhi yenu mmeanza kulalamika. Leo tuweke programu kando kidogo. Nataka tuzungumze kuhusu stima, maana mwezi uliopita nusura initie hasarani.

Ilikuwa hivi. Bafu la maji moto pale ninapopanga liliharibika, nikaazima koili, ile ya kutumbukiza kwenye ndoo. Soketi iko mbali na bafu, kwa hivyo nikachukua ekstensheni yangu ya mita 10, ambayo ilikuwa imenitumikia miaka miwili kwa laptopu na simu, nikanyoosha kipande nilichohitaji na kuacha waya uliobaki umezungushwa kama bangili nyuma ya mlango. Nikachomeka koili, nikarudi kwenye kompyuta. Baada ya robo saa hivi nikasikia harufu. Nilipokwenda kutazama, zile pete za waya zilikuwa zimegandana, plastiki inachuruzika, na moshi mwembamba unapanda ukutani. Nilizima swichi kwa mpini wa ufagio. Ndiyo, mpini wa ufagio, msinicheke.

Jirani yangu ni fundi wa stima, mzee mmoja mpole. Aliushika ule waya, akaupindapinda, akasema, "Kijana, waya huu ni wa redio. Wewe umeubebesha mzigo wa punda."

"Lakini mzee, umekaa miaka miwili bila shida yoyote."

"Kwani miaka miwili ulikuwa unauchemshia maji?"

Sikuwa na jibu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nina shahada ya sayansi ya kompyuta, na kabla ya hapo nilifanya fizikia sekondari. Kidato cha tatu nilichora ile pembetatu ya V, I na R mpaka nikaiota. Volteji gawanya kwa mkondo unapata ukinzani. Volteji zidisha kwa mkondo unapata nguvu, yaani wati. Koili yangu ni ya wati 2,400 na stima yetu ni volti 240, kwa hivyo mkondo ni ampea 10 na ukinzani wa koili ni ohm 24. Hesabu ya sekunde tano. Mwanafunzi anaifanya, mashine inaifanya, na nikiiandikia programu haitazidi mistari minne. Lakini sikuwahi kujiuliza nani aligundua kwamba ni kugawanya na si kitu kingine, wala alijuaje wakati hakukuwa na mita ya volti wala ya ampea dukani. Kwa hivyo jioni kadhaa nimekuwa nikisoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Georg Simon Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 katika mji wa Erlangen, Bavaria, kusini mwa nchi ambayo leo ni Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli. Mzee huyo alijifundisha hisabati mwenyewe, akawafundisha wanawe nyumbani, na matokeo yake Georg akawa mwanafizikia na mdogo wake Martin akawa mwanahisabati. Mwaka 1805 Georg aliingia Chuo Kikuu cha Erlangen, na huko akafanya yale ambayo wengi wetu tuliyafanya mwaka wa kwanza: dansi, biliadi, na kuteleza kwenye barafu (hilo la mwisho sisi tumeepushwa na hali ya hewa). Baba akachukia, akamtoa chuoni, kijana akaenda Uswisi kufundisha hisabati. Baadaye alirudi Erlangen na kupata shahada ya uzamifu mwaka 1811. Msidhani maisha yalinyooka hapo. Alizunguka akifundisha kwa mshahara mdogo, mpaka mwaka 1817 alipopata kazi katika shule ya sekondari ya Cologne.

Kumbukeni hilo: mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye kila multimita duniani alikuwa mwalimu wa sekondari alipofanya kazi yake kubwa. Bahati yake ni kwamba shule ile ilikuwa na maabara nzuri ya fizikia. Pia alijua kufua na kukata metali, ujuzi wa nyumbani kwao, kwa hivyo vifaa ambavyo havikuwepo alivitengeneza.

Hali ya elimu ya umeme wakati huo ilikuwa hivi. Alessandro Volta wa Italia alitangaza betri ya kwanza mwaka 1800. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aligundua kwamba waya unaopitisha umeme unageuza sindano ya dira. Ugunduzi huo wa pili ndio uliowapa watu kipimo: sindano ikigeuka sana, umeme unaopita ni mwingi, ikigeuka kidogo, ni mdogo. Hakukuwa na ampea, wala volti, wala ohm. Kulikuwa na sindano, na macho ya mtu anayeitazama.

Ohm alijiuliza swali ambalo hata mtoto anaweza kuuliza. Nikiurefusha waya, sindano inalegea kwa kiasi gani?

Mwaka 1825 alichapisha jibu lake la kwanza, na lilikuwa kosa. Alipata fomula yenye logariti, yaani kwamba nguvu inapotea kufuatana na logariti ya urefu wa waya. Hapa nilisimama kusoma nikacheka peke yangu, kwa sababu naujua ugonjwa wake. Hesabu zake hazikuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa kwenye betri. Betri za enzi zile, vipande vya metali ndani ya asidi, zilikuwa zikiunganishwa tu zinaanza kwa kishindo kisha zinadhoofika. Ukipima waya mfupi, betri inachoka. Ukiurudia waya uleule baada ya muda, jibu linabadilika. Ohm alikuwa anapima vitu viwili kwa pamoja, waya na uchovu wa betri, akidhani anapima kimoja. Kila mtu aliyewahi kutafuta hitilafu kwenye programu usiku kucha, kisha akagundua kwamba data yenyewe ilikuwa inabadilika huku anaisoma, anajua uchungu huo. Tofauti ni kwamba sisi tunafuta kimyakimya, yeye alikuwa ameshachapisha.

Aliyemwokoa ni mhariri. Johann Christian Poggendorff, aliyekuwa akihariri jarida la Annalen der Physik, alimshauri aachane na betri ya asidi na atumie chanzo kingine. Mwaka 1821 Thomas Johann Seebeck alikuwa amegundua kwamba ukiunganisha metali mbili tofauti kwenye ncha zao, halafu ncha moja ukaipasha moto na nyingine ukaipoza, umeme unapita. Ni mdogo sana, lakini una sifa moja ambayo betri za asidi hazikuwa nayo: joto likibaki palepale, umeme nao unabaki palepale.

Na joto halihangaishi kulituliza. Maji yanayochemka hayapandi zaidi hata ukiongeza kuni, na barafu inayoyeyuka haishuki. Basi Januari 1826, akiwa na umri wa miaka 36, Ohm alichukua kipande cha bismuthi, akakiunga na shaba pande mbili, upande mmoja ukakaa kwenye maji yanayochemka na wa pili kwenye barafu. Juu yake alining'iniza sindano ya sumaku kwa utepe mwembamba wa dhahabu. Umeme ukipita, sindano inageuka. Yeye anausokota ule utepe mpaka sindano irudi ilipokuwa, kisha anasoma ameusokota kiasi gani. Msokoto ndio uliokuwa ampea zake.

Aliandaa nyaya nane za shaba, unene mmoja, urefu tofauti: inchi 2, 4, 6, 10, 18, 34, 66 na 130. Akazipima moja moja. Katika mfululizo wake wa kwanza msokoto ulikuwa 326¾ kwa waya mfupi kabisa, kisha 300¾, 277¾, 238¼, 190¾, 134½, 83¼, na 48½ kwa waya mrefu kabisa.

Tazameni namba hizo vizuri. Waya wa inchi 4 ni mara mbili ya ule wa inchi 2, lakini mkondo haukushuka nusu. Umeshuka kidogo tu. Mtu mwenye haraka angesema hakuna kugawanya hapo. Lakini kuanzia inchi 34 kwenda 66, na 66 kwenda 130, mkondo unakaribia kushuka nusu kila hatua. Ohm akaona kwamba kuna waya mwingine ambao hakuuhesabu: kile chanzo chenyewe, bismuthi na viungo vyake, nacho kinakinza. Akaandika kwamba msokoto ni sawa na a ukigawanya kwa b jumlisha urefu wa waya. Kwa mfululizo ule, a ni 7,285 na b ni 20¼. Maana ya b ni kwamba kifaa chote, bila waya wowote, kinakinza kana kwamba tayari kuna inchi 20¼ za shaba ndani yake.

Sikuridhika kuamini tu, nikaziingiza namba hizo kwenye programu ndogo. Kwa inchi 34 fomula inatoa 134.3, yeye alisoma 134½. Kwa inchi 130 inatoa 48.5, yeye alisoma 48½. Katika nyaya zote nane tofauti kubwa kabisa haifiki asilimia 1.5. Haya ni maji ya moto, barafu na utepe wa dhahabu, miaka 200 iliyopita. Mimi nina sensa za kununua mtandaoni ambazo hazijawahi kunipa data safi kama hiyo.

Halafu akafanya jambo ambalo kwangu ndilo la werevu kuliko yote. Alipunguza tofauti ya joto, upande mmoja ukiwa kwenye barafu na mwingine kwenye joto la kawaida la chumba, akapima upya. Namba a ikaanguka sana. Namba b ikabaki 20¼. Kwa hivyo a inatokana na kile kinachosukuma, na b inatokana na vitu ambavyo umeme unapita ndani yake, na moja haimjui mwenzake. Badilisheni herufi tu: msokoto ni mkondo, a ni volteji, na b pamoja na waya ni ukinzani wote. Hiyo ndiyo pembetatu ya kidato cha tatu.

(Neno ukinzani lenyewe napenda lilivyo. Lina undugu na upinzani, na kama mnavyojua, upinzani haumalizi nguvu ya serikali, unapunguza tu kasi na kuongeza joto. Haya, tuendelee kabla sijaingia siasa.)

Kwa haki lazima nimtaje mtu aliyemtangulia. Henry Cavendish, tajiri wa Uingereza mwenye aibu kupita kiasi, alilinganisha ukinzani wa mirija ya maji ya chumvi mnamo 1781, miaka 45 kabla ya Ohm. Hakuwa na sindano ya Ørsted, kwa hivyo mita yake ilikuwa mwili wake. Aliupitisha umeme mikononi mwake na kulinganisha uchungu wa mshtuko mmoja na mwingine. Kwa njia hiyo ya kujitesa alifika karibu kabisa na kanuni ileile. Kisha akaweka karatasi kabatini. Alifariki mwaka 1810, na karatasi zile hazikuchapishwa mpaka James Clerk Maxwell alipozihariri mwaka 1879. Ndiyo maana leo hatusemi kanuni ya Cavendish. Wale wenye programu nzuri zilizolala kwenye diski zao wamenisikia.

Ohm yeye alichapisha, na akalipia. Mwaka 1826 alichukua likizo kwa nusu mshahara akaenda Berlin kuandika kitabu, na kitabu hicho kikatoka 1827. Ndani yake aliutazama umeme ndani ya waya kama Joseph Fourier alivyokuwa ameutazama mtiririko wa joto katika kitabu chake cha 1822: joto linatoka penye moto kwenda penye baridi, na umeme nao unatoka penye msukumo mkubwa kwenda penye mdogo. Alitumaini kitabu kingempatia nafasi ya kufundisha chuo kikuu. Haikuwa hivyo. Georg Friedrich Pohl wa Berlin alikishambulia vikali, na wengine hawakuona hesabu zote zile zinahusiana vipi na umeme. Mwaka 1828 Ohm aliacha kazi yake ya Cologne, akaishi Berlin miaka kadhaa kwa vibarua vya kufundisha. Ni mwaka 1833 alipopata uprofesa katika shule ya ufundi ya Nuremberg, ambayo haikuwa chuo kikuu alichokitaka.

Huku nyuma kanuni yake ilikuwa inasafiri bila yeye. Gustav Theodor Fechner wa Leipzig alirudia vipimo kwa wingi na kuchapisha mwaka 1831, vikakubaliana naye. Mwaka 1841 Royal Society ya London ilimpa Ohm nishani ya Copley, na mwaka huohuo kitabu chake kikatoka kwa Kiingereza. Bavaria ilichelewa zaidi. Kiti cha profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Munich alikipata 1852, akiwa na miaka 63. Akafa tarehe 6 Julai 1854. Miaka miwili tu.

Mpaka hapa tuna ukinzani, lakini ekstensheni yangu bado haijaungua. Kwa hilo tunamhitaji mtu wa pili, James Prescott Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia huko Salford, karibu na Manchester. Joule hakuwa profesa. Alifanya majaribio yake pembeni ya biashara ya familia, na nadhani kazi ya bia ilimfundisha kusoma kipimajoto kwa makini. Mwishoni mwa 1840, akiwa hajafika miaka 22, aliipelekea Royal Society matokeo yake. Alikuwa amezungusha waya kwenye mrija wa kioo, akautumbukiza kwenye maji, akapitisha umeme, akapima maji yamepanda joto kiasi gani. Kwa maneno mengine alitengeneza koili ya kuchemshia maji, ila yeye alikuwa na sababu nzuri kuliko yangu.

Alichogundua ni kwamba joto linafuata ukinzani, na linafuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Ukiongezeka mara tatu, joto mara tisa. Emil Lenz wa St. Petersburg alifika palepale kwa njia yake miaka michache baadaye. Ukichukua kanuni hii ukaichanganya na ya Ohm, unapata ile nyingine tunayoikariri, kwamba nguvu ni volteji mara mkondo.

Sasa nirudi nyuma ya mlango wangu. Nilipima mabaki ya ekstensheni nikapata kama nusu ohm, kwenda na kurudi. Laptopu yangu inavuta kama wati 60, yaani robo ya ampea. Robo mara robo mara nusu ni wati 0.03, joto ambalo hata siafu hawezi kulihisi. Koili inavuta ampea 10. Kumi mara kumi mara nusu ni wati 50. Mkondo uliongezeka mara 40, joto likaongezeka mara 1,600. Nilikuwa nimeacha balbu ya kizamani ya wati 50 inawaka ndani ya mviringo wa plastiki, bila upepo wa kuipoza, kwa robo saa. Swali la yule mzee, "Kwani miaka miwili ulikuwa unauchemshia maji?", ndilo kanuni ya Joule yote, na hakuhitaji kipeo.

Kwa muda mrefu wanaoitwa wataalamu nao hawakuzitilia maanani namba hizi, na hasara yao ilikuwa kubwa kuliko yangu. Agosti 1858 kebo ya kwanza ya telegrafu ilivuka bahari ya Atlantiki. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais Buchanan wa Marekani, maneno 98, zilichukua saa 16 kupita. Msimamizi wa umeme wa kampuni, Wildman Whitehouse, aliyesomea udaktari wa upasuaji, aliamini kwamba mawimbi yakiwa hafifu dawa ni kuongeza volti. Alitumia koili zenye volti zipatazo 2,000. Kebo yenyewe ilikuwa na kasoro tangu kutengenezwa, lakini kipigo hicho kiliimaliza. Baada ya wiki tatu hivi ikanyamaza kabisa. Kilomita maelfu za shaba chini ya bahari, zimekufa.

Msiba ule ndio uliofanya watu watake vipimo vya kweli. Kiwanda kinawezaje kuahidi kebo bora kama fundi wa Uingereza na wa Ujerumani hawana namba moja ya ukinzani? Mwaka 1861, kwa ushauri wa William Thomson, British Association iliunda kamati ya kutengeneza kizio cha ukinzani, na mwaka huohuo mafundi wawili wa telegrafu, Latimer Clark na Charles Bright, wakapendekeza vizio vya umeme viitwe kwa majina ya wanasayansi. Kongamano la Paris la 1881 likapitisha ohm, volti na ampea. Kwa miaka mingi ohm ilishikwa mkononi kama zebaki: nguzo ya zebaki yenye upana wa milimita moja ya mraba na urefu wa sentimita 106.3, kwenye joto la barafu inayoyeyuka. Barafu tena.

Kizio hicho kilifika pwani yetu mapema kuliko mnavyodhani. Mwaka 1879 kebo ya telegrafu kutoka Aden ilifika Zanzibar, ikaendelea kusini mpaka Durban. Kebo ya namna hiyo ikikatika baharini, karani wa nchi kavu hana macho ya kuona ilipokatika. Anapima ukinzani. Kama anajua kila maili ina ohm ngapi, anagawanya, na meli ya matengenezo inaambiwa iende maili kadhaa kutoka ufukweni. Hesabu ya mwalimu wa Cologne, ikipimwa na mtu aliyeketi Unguja, inaonyesha mahali chini ya bahari.

Wati ilichelewa kidogo. William Siemens aliipendekeza mwaka 1882, kwa jina la James Watt wa injini za mvuke, ambaye alifariki 1819 na hakuhusika na umeme hata kidogo. Lakini hapa kuna jambo linalonifurahisha kama Mkenya. Sisi umeme tunauita stima, neno lililotokana na meli na mashine za mvuke. Kwa hivyo tunaponunua tokeni, tunanunua kilowati-saa za Watt wa mvuke na kuziita kwa jina la mvuke. Wazungu wamekosea jina na sisi tumekosea vilevile, tukakutana.

Mtu wa kwanza kutengeneza pesa nzito kwa kanuni hizi mbili pamoja labda ni Thomas Edison. Mwaka 1879 taa nyingi zilizojaribiwa zilikuwa na ukinzani mdogo na zilihitaji mkondo mkubwa. Edison, akisaidiwa na mwanahisabati wake Francis Upton, alipiga hesabu ya shaba. Taa ya wati 100 kwa volti 10 inavuta ampea 10. Kwa volti 100 inavuta ampea moja tu, na joto linalopotea kwenye waya uleule wa barabarani linashuka mara 100. Kwa hivyo alitafuta uzi wa taa wenye ukinzani mkubwa, zaidi ya ohm 100, wakati wengine walikwenda kinyume. Tarehe 4 Septemba 1882 kituo chake cha Pearl Street, New York, kikawasha taa. Ni hesabu ileile inayofanya laini ya kutoka Ethiopia mpaka Suswa, iliyoanza kutuletea umeme mwaka 2022, itumie volti 500,000 juu na 500,000 chini ya sifuri. Kwa megawati 2,000 inahitaji ampea 2,000. Kwa volti 240 ingehitaji zaidi ya milioni nane.

Nimenunua ekstensheni nyingine. Yule mzee alinipeleka mwenyewe dukani na kunichagulia waya wenye unene wa milimita 1.5 za mraba. Nilipofika nyumbani nikaiunganisha ncha kwa ncha na kuipima kwa multimita yangu ya bei rahisi: ohm 0.5. Moyo ukaruka, maana ile iliyoungua ilikuwa hivyohivyo. Kisha nikagusanisha zile sindano mbili za multimita zenyewe kwa zenyewe, bila waya wowote katikati. Ikasoma 0.3. Hiyo ndiyo inchi 20¼ ya Ohm, ukinzani wa kifaa chenyewe (ile ya zamani nilikumbuka kuitoa, hii nilisahau). Waya mpya ni ohm 0.2, na kwa ampea 10 unapoteza wati 20, ukiwa umenyooshwa wote sakafuni.

Bafu bado halijatengenezwa.